Jumamosi mmemtukana mwamuzi, Jumapili mnauliza kwa nini hakuja

Wakuu, salamu zitafuata nikitulia. Leo nimekuja na hasira na sitaki kuificha.

Wikiendi tuliyoisubiri kwa hamu imeharibika. Haikuharibiwa na mvua wala wapinzani. Wameiharibu watu wa upande wetu, marafiki ninaocheza nao, ninaokaa nao, wengine ninaowapenda kama ndugu. Na kwa kuwa jana wote mlikuwa mnakwepa macho yangu, nayaandika hapa mahali ambapo kila mtu atayasoma.

Mpango ulikuwa mwepesi kabisa. Jumamosi mechi ya kwanza, jioni timu zote mbili tukae pamoja, Jumapili marudiano. Kwangu mimi hiyo ndiyo raha yote ya soka la mchangani. Mtu amekukata ngwala kipindi cha pili, jioni umekaa naye mnabishana nani alikuwa na kasi zaidi enzi za shule. Hakuna anayelipwa, hakuna kombe la maana, hakuna kamera. Kuna mpira na watu.

Mchezo wa Jumamosi ulikuwa mtamu mpaka dakika za mwisho. Tuko sare ya bao moja, timu zote zinashambulia. Wapinzani wakapata mpira wa kurusha upande wa kushoto, karibu na eneo letu la hatari. Mabeki wetu wakapanda juu wakidhani wamemtega mshambuliaji wao. Mpira ukarushwa moja kwa moja mpaka kwake, akautuliza, akamgeukia golikipa, akafunga. Mwamuzi akapuliza na kuonyesha katikati ya uwanja.

Uwanja mzima ukalipuka: "Ameotea! Ameotea!" Yaani eti alikuwa amewazidi mabeki wetu na kusimama karibu na goli kuliko wao wakati mpira unakuja kwake.

Hakuotea. Na hili nataka mlisome taratibu, kwa sababu chanzo cha uchafu wote uliofuata ni ujinga wa sheria moja. Mchezaji anayepokea mpira moja kwa moja kutoka kwa mrushaji hawezi kuotea, hata awe amesimama peke yake usoni pa golikipa. Ni hivyo hivyo kwa mpira wa kona na mpira wa goli (goli kiki). Sheria hiyo ya mpira wa kurusha ipo tangu 1920. Miaka zaidi ya 100! Babu zetu wamecheza chini yake. Lakini watu wazima, wenye jezi zenye majina mgongoni, wanaojadili mbinu za makocha wa Ulaya kila usiku, walimzingira yule kijana kana kwamba ameiba.

Ndiyo, kijana. Mwamuzi wetu wa Jumamosi ni kijana anayejifunza kazi, amekuja peke yake, hana washika vibendera wa kutegemewa, maana kibendera kimoja tulimpa mchezaji wetu wa akiba na kingine wakashika wao. Yeye peke yake ndiye wa kuona mstari wa goli, mikono, ngwala, kuotea na ugomvi wa nyuma ya mgongo wake, katika uwanja ambao kisheria unaweza kufika mita 120 kwa urefu. Kwenye Kombe la Dunia wamewekewa mwamuzi wa video tangu 2018, wanakaa mbele ya skrini wakirudia tukio kwa pembe zote, na bado dunia nzima inabishana baada ya mechi. Huyu ana macho mawili na filimbi.

Na katika uamuzi huo alikuwa sahihi! Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alikuwa sahihi, akatukaniwa mama yake. Alikuwa sahihi, akaambiwa amehongwa. Mtu wa benchi letu akaingia uwanjani bila ruhusa na kumsukuma kifuani, na waliokuwa karibu badala ya kumvuta wakawa wanarekodi kwa simu. Kocha wetu alikuwa wapi? Alikuwa pale pale, mikono nyuma, anatazama. Kocha, najua utasoma hapa. Tangu 2019 sheria zinampa mwamuzi ruhusa ya kuwaonyesha viongozi wa timu kadi za njano na nyekundu. Na kama mkosaji wa kwenye benchi hajulikani, adhabu anaipokea kocha mkuu aliyepo. Maana yake benchi ni mzigo wako. Usije kuniambia hukuona nani alianza.

Yule kijana alimaliza mechi. Sijui alipata wapi moyo. Angeweza kuisimamisha na kuivunja pale pale, sheria inamruhusu, na kwa lugha aliyotupiwa alikuwa na haki ya kutoa kadi nyekundu nusu ya kikosi chetu, maana matusi ni nyekundu ya moja kwa moja, si njano. Akapuliza filimbi ya mwisho, akachukua begi lake, akaondoka. Hakuna hata mmoja wetu aliyeonekana kwenda kumpa mkono isipokuwa nahodha wa wapinzani. Nilipomfuata mimi alikuwa ameshafika njiani, nikamwomba radhi, akasema "sawa kaka" bila kugeuka.

Sasa twende jioni.

Nilidhani hasira za uwanjani zitakuwa zimeisha. Watu hupandwa na damu, hilo nalielewa, nimecheza mpira tangu utotoni. Lakini tumekaa, timu zote mbili, na stori kubwa ya usiku ikawa ni yule mwamuzi. Mmoja wetu akasimama kuigiza alivyotetemeka alipozingirwa. Mwingine akaigiza sauti yake. Watu wanagonga meza kwa kicheko. Video ya kusukumwa ikazungushwa simu kwa simu. Wapinzani wetu, wageni wetu, wamekaa kimya, wanatazamana. Nikasema jamani, sheria inasema hakuotea, yule dogo alikuwa sahihi. Jibu nililopewa: "Acha ualimu, mpira ndivyo ulivyo."

Mpira ndivyo ulivyo?

Desemba 2012 kule Uholanzi, mjini Almere, mzazi mmoja aliyekuwa anajitolea kushika kibendera kwenye mechi ya vijana, mechi ambayo mwanawe alikuwa anacheza, alishambuliwa na wachezaji baada ya filimbi ya mwisho. Alipigwa na vijana wadogo wa timu pinzani. Aliitwa Richard Nieuwenhuizen. Siku iliyofuata alifariki. Chama cha soka cha nchi hiyo kikafuta mechi za ridhaa za wikiendi iliyofuata nchi nzima. Haikuwa fainali ya kombe lolote. Ilikuwa mechi kama hizi zetu, uwanja kama huu wetu, mtu aliyekuja bure kusaidia watoto wacheze.

Na Berlin, Oktoba 2019, waamuzi wa mechi za ridhaa waligoma wikiendi nzima kwa sababu ya kupigwa na kutukanwa. Mechi zaidi ya 1,000 hazikuchezwa. Ilibidi watu wakae nyumbani na jezi zao safi ndipo wakumbuke kwamba kuna mtu wa tatu uwanjani.

Kwa hiyo mtu akiniambia mpira ndivyo ulivyo, namjibu hapana, sisi ndio tulivyo. England mchezaji wa ngazi za chini anayembishia mwamuzi hutolewa nje kwa dakika 10, timu ikacheza pungufu, mpango ambao ulianza kutumika kote msimu wa 2019/20. Wamejua kwamba kadi ya njano peke yake haimuumi mtu ambaye hana mechi nyingine ya maana mbele yake. Dakika 10 za kuwatazama wenzako wakikimbia kwa niaba yako zinauma. Wenzetu wanahangaika kutafuta dawa, sisi tunazungusha video.

Nije Jumapili, maana ndiyo iliyonifanya nishike simu kuandika haya.

Watu wamefika mapema kuliko kawaida. Uwanja umepigwa chokaa, nyavu zimefungwa, watoto wamejaa pembeni, wapinzani wamekuja kamili. Muda wa kuanza ukapita. Mwamuzi hayupo. Simu yake inaita haipokelewi, baadaye akatuma ujumbe mfupi kwamba hatakuja na asitafutwe tena kwa mechi za timu yetu. Na hapo, wakuu, nilisikia kwa masikio yangu watu wale wale wa Jumamosi wakilalamika: "Huyu dogo hana msimamo. Amekubali kazi halafu anatuangusha."

Nilitaka kulia kwa hasira. Mmemtukana, mmemsukuma, mmemcheka usiku kucha, halafu asubuhi mnamdai!

Ikatafutwa njia. Nikapendekeza filimbi apewe yule bwana aliyepiga kelele kuliko wote Jumamosi, aliyekuwa anajua kuotea kuliko sheria yenyewe. Si anaona kila kitu kutoka pembeni? Si anajua? Akakataa katakata. Kwanza akasema goti linamuuma, goti ambalo dakika tano kabla lilikuwa linapiga danadana. Baadaye akasema ukweli: "Siwezi kutukanwa na watu mimi." Maneno hayo hayo, mbele ya watu. Nilimwambia pale pale na narudia hapa: kama wewe huwezi, kwa nini yule kijana aweze?

Akapatikana mzee mmoja aliyekuja tu kumtazama mwanawe, akashika filimbi kwa kuokoa jahazi. Hakukimbia, hangeweza kukimbia. Kipindi cha kwanza kikaenda kwa uungwana, cha pili wakaanza tena. Faulo ndogo katikati ya uwanja, isiyo na hatari yoyote, wakamfuata wanne. Mzee akaweka filimbi chini kwenye nyasi, akaenda kumchukua mwanawe, wakaondoka. Mechi ikafia hapo. Wapinzani wakavua jezi na kuondoka bila kukaa na sisi, na nahodha wao akaniambia watafikiria kama watakubali mechi nyingine. Sikuwa na la kumjibu.

Watoto ndio walionichoma. Walikuwa pembeni ya uwanja wakati wote. Mechi ilipovunjika wakaingia kucheza wenyewe, na kabla hata hawajagusa mpira mara tatu, mmoja akamfokea mwenzake aliyekuwa anaamua kwa tusi lile lile la Jumamosi, neno kwa neno.

Najua mtakayonijibu. Kuna atakayesema waamuzi wa mtaani ni wabovu. Wengine ni wabovu kweli, nimeona penalti za ajabu, nimeona mtu anasahau amempa nani kadi. Lakini waamuzi wazuri mnadhani wanatoka wapi? Wote walianzia kwenye viwanja kama hivi. Ukimfukuza anayejifunza kwa matusi, anayebaki ni yule asiyejali, na huyo ndiye kweli atakayekubali bahasha. Mwingine atasema ni mapenzi ya timu. Timu gani? Jumapili jioni timu haikuwa na mechi, haikuwa na mwamuzi, haikuwa na wapinzani. Kama hayo ni mapenzi, hiyo timu afadhali ichukiwe.

Na wapo watakaosema nimewaanika marafiki zangu. Sijataja jina la mtu. Mnajijua.

Ninachotaka ni hiki. Mtu aliyemsukuma mwamuzi akae nje mpaka atakapokwenda yeye mwenyewe, na nahodha, kumwomba radhi yule kijana uso kwa uso, si kwa ujumbe wa simu. Yule mzee naye aombwe radhi, mbele ya mwanawe. Video ifutwe kwenye makundi yote. Kuanzia mechi ijayo, anayeongea na mwamuzi ni nahodha peke yake, kwa heshima, na mwingine akifungua mdomo kocha amtoe bila kusubiri kadi. Hata waandishi wa sheria wenyewe, IFAB, sasa wameweka utaratibu wa nahodha tu kumkaribia mwamuzi kwenye matukio makubwa, kwa hiyo si wazo langu la ajabu. Na waamuzi walipwe nauli yao kabla ya mechi kuanza, si baada, ili asiwe mtu wa kusubiri hisani ya waliofungwa.

Pia tukutane siku moja ya katikati ya wiki tuzisome hizo sheria pamoja. Ziko 17 tu. Mtu anayeweza kukariri vikosi vya ligi nne hawezi kushindwa na sheria 17.

Jezi za timu zipo kwangu, zimeshafuliwa. Hazitoki mpaka mambo mawili ya kwanza yafanyike. Nahodha, sitaki simu yako wala kuitwa pembeni, jibu hapa hapa wote waone: unakwenda kwa yule kijana lini?