Ampu ya valvu ya wati 5 kwa chumbani: Champion 600, Valve Junior au Bugera V5?

Solo wa Ngamiani
Wakuu, salaam. Napiga gitaa la solo kwenye kikundi kidogo cha taarabu hapa Tanga. Mazoezi ya peke yangu nafanyia chumbani Ngamiani, na jirani wa ukuta mmoja ana mtoto mchanga. Nataka ampu ya valvu, ile inayokuza sauti kwa taa za kioo. Za transista nimezitumia miaka, sikio limeshakataa. Nimebaki na tatu: Fender Champion 600 ambayo shemeji anaweza kuja nayo kutoka Marekani, Epiphone Valve Junior iliyotumika inayouzwa hapa hapa mjini, na Bugera V5 mpya ya kuagiza. Zote ni wati 5. Kulehemu najua kidogo, kwa hiyo nataka kitu nitakachoweza kukifungua na kukichezea. Nichukue ipi?

Fundi wa Chumbageni
Kwanza hilo la wati. Mtu akisikia 5 anadhani ni redio ya mezani. Sikio halihesabu hivyo: ili sauti isikike maradufu unahitaji wati karibu mara kumi. Yaani ampu ya wati 50 inasikika kama mara mbili tu ya hiyo ya wati 5. Ukifungua wati 5 zote chumbani, mtoto wa jirani ataamka, na mama yake atakuja mlangoni.

Sasa ule utamu unaoutafuta, noti kuanza kupasuka kidogo ukikaza mkono, huja pale valvu ya mwisho inaposukumwa. Ndiyo maana kwa chumba chako naiweka Bugera mbele. Ina swichi ya kupunguza nguvu: 5, 1 au 0.1. Nyingine hizo mbili hazina.

Lakini kwa mtu wa kufungua-fungua, Valve Junior ndiyo darasa. Valvu ya kwanza 12AX7 moja, ya mwisho EL84 moja, kitasa kimoja cha sauti, basi. Muulize muuzaji ni toleo gani. Matoleo ya mwanzo yalipasha moto nyuzi za ndani ya valvu kwa umeme wa AC, na mvumo wake unausikia ukiacha kupiga. Ya baadaye yalihamia DC.

Mtu wa Kaole
Nipo Bagamoyo, naomba nipingane na fundi kwa heshima. Wewe ni mpiga taarabu wa Tanga, mji wa vikundi vya Black Star na Lucky Star, waliotia gitaa na besi kwenye taarabu. Pale gitaa linajibizana na mwimbaji, halimfokei. Kwa kazi hiyo 6V6, valvu ya mwisho ya Champion, ni laini na ya mviringo, EL84 ya hizo mbili nyingine ina makali juu.

Tatizo la Champion ni spika ya inchi 6, sauti inatoka kama imebanwa koo. Hata hivyo spika ni jambo la kubadilisha. Ampu yangu ndogo niliichomeka kwenye kabati lenye spika ya inchi 12 kabla sijagusa lehemu, nikakaa chini. Ilikuwa ampu nyingine kabisa. Spika ya desibeli 97 badala ya 94 ni sawa na kugeuza wati 5 kuwa 10, bila kugusa saketi. Hakikisha tu omu za spika, yaani upinzani wake wa umeme, zinalingana na za transfoma ya kutolea sauti. Na usiwashe ampu ya valvu bila spika, hata dakika moja. Transfoma hiyo inaweza kuungua.

Kwetu pwani kuna na chumvi. Miguu ya valvu hushika kutu, ampu ikaanza kukwaruza, mtu akadhani valvu imekufa. Chomoa, safisha, rudisha.

Binti Pangani
Bila lehemu: toa 12AX7, weka 12AY7. Ukuzaji wa ya kwanza ni 100, wa ya pili kama 44. Noti inabaki safi hadi mbali zaidi kwenye kitasa. Mimi sijairudisha ile ya zamani.

Solo wa Ngamiani
Shukrani sana. Mtu wa Kaole, ya shemeji ni ya volti 120. Nikiweka transfoma ya kushushia si imetosha?

Fundi wa Chumbageni
Yenye uwezo wa wati 100 inatosha. Ila inashusha volti tu, herzi zinabaki 50 za kwetu. Transfoma ya umeme ya ampu iliyotengenezwa kwa 60 tu hupata joto zaidi hapa, kwa hiyo iguse baada ya saa nzima ya kupiga. Na umeme ukikatika usiichomeke kwenye inveta ya bei rahisi. Wimbi lake halijanyooka, utapiga gitaa juu ya nyuki.

Yoyote utakayochukua, nisikilize hapa. Kapasita za ndani, vile vidude vya kuhifadhi umeme, hubaki na volti 300 na zaidi hata ukishachomoa waya ukutani. Mimi zilinirusha nikiwa fundi wa miaka mingi, mkono ukafa ganzi hadi jioni. Zimalize umeme kwa rezista, kisha upime kwa mita, ndipo uingize kidole.

Solo wa Ngamiani
Jana nimekwenda kuiona Valve Junior. Ni ya kombo, ampu na spika sanduku moja, spika ya inchi 8. Nimefungua kitasa chote mikono ikiwa mapajani: mvumo wa mbali sana, lazima uinamie kuusikia. Nimeilipia. Fundi, baada ya spika nianze na nini?

Fundi wa Chumbageni
Kapasita ya kathodi ya valvu ya kwanza. Ukikuta ni ya maikrofaradi 22 au 25, jaribu ya 1. Besi itapungua na nyuzi nene zitaacha kuwa matope. Piga picha ya ndani kabla hujatoa chochote, uilete hapa.

Mtu wa Kaole
Na usitupe ile ya zamani.