Msimamizi anasema data hakuna. Nibadilishe mada?

MpigaRamli: Wakuu, habari za jioni, na wakubwa shikamooni. Nasoma uzamili wa Kiswahili, chuo sikitaji. Nimepeleka pendekezo la utafiti kuhusu bunilizi ya kisayansi (science fiction) katika riwaya ya Kiswahili, limerudi na kalamu nyekundu: "Data utaitoa wapi?" Nilikuwa nimeorodhesha Nagona na Mzingile za Kezilahabi, pamoja na Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed. Nikomae au nibadilishe? Ada ya muhula ujao inaninyima usingizi.

Kibatari: Andika kuhusu methali, umalize, urudi nyumbani.

Bi Mkasi: Kibatari, acha utani. Mdogo wangu, msimamizi hajakuonea. Huyo babu wa Said Ahmed anatoka kaburini kuja kumtembeza mjukuu wake, K, na hakuna anayeeleza kafufukaje. Huo ni uhalisiamazingaombwe, yaani maajabu yanaingia katika maisha ya kawaida bila maelezo. Darko Suvin, mhakiki wa bunilizi ya kisayansi, alishachora mpaka tangu miaka ya 1970: hadithi iwe na jambo geni linaloubadili ulimwengu wake mzima, lakini akili iweze kulifuata. Ukimtumia Suvin halafu ukaleta mizimu, siku ya utetezi watakuchana.

Anza na Walenisi ya Katama Mkangi (1995). Dzombo anahukumiwa kifo, anarushwa angani ndani ya chombo, anatua kwenye sayari ambako watu wanaishi kwa usawa. Litamke jina polepole: wale ni sisi. Mkangi alikuwa mwanasosholojia, na enzi za Moi aliwekwa kizuizini. Usishangae sayari yake kunuka siasa.

Mpwani wa Bara: Dada, hapo nakupinga. Chombo ni usafiri tu, kama ungo wa mchawi. Toa roketi, weka jini, hadithi inabaki ileile.

Bi Mkasi: Jini halitumwi na mahakama, kaka. Chombo kile ndicho kitanzi chenyewe, dola inaua kwa teknolojia. Ila ubishi huu mzuri. MpigaRamli, ufanye ndiyo swali lako la utafiti, usiufiche.

Fundi Saa: Mie wa filamu. Kuna Pumzi ya Wanuri Kahiu wa Kenya (2009), dakika ishirini na ushei. Vita vya maji vimepita, watu wamejifungia ndani, umeme wanauzalisha kwa mazoezi ya viungo, mkojo na jasho vinasafishwa wakanywa, hata ndoto zina vidonge vya kuzizuia. Asha, mtunzaji wa makumbusho, anapata udongo unaootesha mbegu, anatoroka nao. Shida, jina ni la Kiswahili lakini mazungumzo, machache kweli, ni ya Kiingereza. Idara yenu itakubali?

MpigaRamli: Haitakubali, ila naiangalia leo leo. Kezilahabi namtoa, roho inauma. Walenisi nimeiulizia maktaba: nakala ni moja, na aliyeiazima hajairudisha tangu mwaka jana.

Kibatari: Kamwulize msimamizi wako.