Ulinganisho: utepe wa shanga wa dukani, shanga za kushonewa kwenye nguo, au ukanda wa shanga unaotoka kwenye nguo?

Mshonaji wa Kiboriloni

Ndugu mafundi, nawasalimu. Ninashona nyumbani hapa Moshi, na nimepokea oda ya magauni sita ya kitenge kwa ajili ya sendofu itakayofanyika mwezi ujao. Mteja anataka shanga zizunguke shingo na ncha za mikono, kwa upana wa sentimita mbili hivi.

Mwaka jana nilishona gauni moja la namna hiyo kwa kutumia utepe wa shanga nilioununua ukiwa tayari. Niliukata kwa mkasi nyuma ya shingo, nikaukunja ncha na kuushona kwa mkono, na kila kitu kilionekana salama. Baada ya kufuliwa mara ya pili, mwenye gauni aliniletea likiwa limeachia shanga karibu shibiri nzima, kuanzia pale pale nilipokata, na zilizobaki zikawa zinadondoka kwenye kiti alipokuwa akizungumza nami. Nilimrudishia fedha yake. Sitaki jambo hilo lijirudie kwa magauni sita.

Naona njia mbili: kurudia utepe kwa uangalifu zaidi, au kushona shanga moja kwa moja juu ya kitenge. Utepe unaokoa muda, lakini nimepoteza imani nao. Naomba ulinganisho kutoka kwa waliofanya kazi hizi mbili.

Fundi Ngarenaro

Dada, kosa halikuwa katika mshono wako wa mkono, lilikuwa katika mkasi. Tepe nyingi za dukani hushonwa kwa mshono wa mnyororo, yaani uzi mmoja unaojipitisha ndani ya kitanzi chake wenyewe, kama ule unaofunga mdomo wa mfuko wa unga. Ukipata ncha sahihi ya uzi wa mfuko na kuuvuta, mfuko wote hufunguka bila mkasi. Ndivyo ilivyotokea kwenye shingo ya mteja wako: ulipokata, ulifungua kitanzi cha kwanza, na maji ya kufulia yakafanya kazi iliyobaki.

Kabla ya kukata, weka alama ya chaki, kisha funika mahali hapo kwa kitambaa na uponde kwa koleo shanga tatu au nne kila upande wa alama, ili kioo kitoke na uzi ubaki mzima. Shona juu ya uzi huo mara kadhaa kwa sindano ya mkono, funga fundo, halafu ndipo ukate. Usiponde bila kitambaa, kwa sababu vipande vya kioo huruka machoni.

Jambo la pili ni mpindo wa shingo. Utepe uliotungwa juu ya riboni haupindi vizuri, lakini uliotungwa juu ya neti hukubali. Kwenye shingo ya duara, shona kwanza ukingo wa nje, ambao ndio mrefu, kisha upunguze ukingo wa ndani kwa uzi wa kukusanya. Mwenye kuanza na ukingo wa ndani huishia na utepe uliosimama kama kola ya shule. Ukitumia cherehani, weka mguu wa zipu, kwa sababu mguu wa kawaida hukanyaga shanga na sindano huvunjika.

Kwa muda ulionao, mimi ningebaki na utepe.

Mama wa Monduli

Nimesoma maelezo ya fundi na sina ugomvi nayo, lakini naomba tuhesabu kwanza. Ushanga wa kioo namba 11 una upana wa milimita mbili hivi, na namba ikiwa kubwa ushanga huwa mdogo. Ukizipanga kwenye uzi, sentimita moja hubeba kama saba. Shingo ya sentimita 60 inahitaji zaidi ya shanga 400 kwa mstari mmoja. Upana wa sentimita mbili uliojaa ni mistari kama kumi, maana yake shanga 4,000 kwa shingo moja, kabla hujagusa mikono. Kwa magauni sita, mwanangu, mwezi mmoja hautakutosha ukiwa peke yako. Mwombe mteja akubali mistari mitatu yenye nafasi katikati. Macho ya watu ukumbini hayatapungukiwa na kitu.

Kuhusu mshono wenyewe, ziko namna mbili, na kila moja ina mahali pake. Ya kwanza ni ya sindano mbili: uzi wa kwanza unabeba shanga na kulala juu ya kitambaa, wa pili unaushikilia chini kila baada ya shanga mbili au tatu. Hufuata mpindo wa shingo vizuri sana, lakini uzi unaobeba ukikatika, shanga nyingi hutoka pamoja. Ya pili ni ya kurudi nyuma: unaokota shanga nne, unashuka, unapanda katikati yao, unapita tena ndani ya mbili za mwisho, ndipo unaokota nne nyingine. Ni ya polepole, ila uzi ukikatika unapoteza chache tu. Mimi hutumia ya kwanza shingoni na ya pili kwenye ncha za mikono, kwa sababu mkono unasugua meza, kiti na kila kitu.

Tumia uzi wa nailoni au poliyesta uliopakwa nta ya nyuki. Pamba hukatwa na kingo za kioo. Mshipi wa kuvulia samaki unafaa kwenye mikufu, lakini kwenye nguo hukwaruza ngozi na fundo lake hulegea. Pia usishone ushanga wowote karibu na mshono wa cherehani kwa chini ya sentimita moja na nusu.

Dobi wa Sanawari

Naandika kwa ufupi kwa upande wa anayefua. Nguo zenye shanga ninazopokea huharibikia mahali pawili: kwenye pasi na kwenye rangi. Shanga za plastiki huyeyuka chini ya pasi na kugandia kwenye kitambaa, wala hakuna namna ya kuziondoa. Shanga za kioo hustahimili, lakini pasi ipitishwe upande wa ndani, taulo likiwa limetandikwa chini. Kuhusu rangi, baadhi ya shanga zimepakwa tu kwa nje. Loweka chache usiku kucha katika maji ya sabuni, kisha uzisugue kwenye kitambaa cheupe kabla hujashona hata moja. Kama ingekuwa hiari yangu, shanga zingekuwa zinatoka kwenye nguo kabla ya kufuliwa.

Mshonaji wa Kiboriloni

Nawashukuru wote, na shikamoo mama. Hesabu ya shanga 4,000 imenitisha, lakini ni afadhali nimeijua leo. Je, maneno ya dobi yanawezekana kweli, kuwa na shanga zinazotoka, bila mteja kuvaa kitu kinachoonekana kama kimebandikwa?

Mama wa Monduli

Marahaba. Yanawezekana, na kwetu si jambo geni. Shanga nyingi za mwanamke wa Kimasai huvaliwa juu ya shuka bila kushonwa humo: zile duara bapa za shingoni hutungwa kwenye waya, zikigawanywa kwa vipande vya ngozi au plastiki, na shuka hufuliwa peke yake. Bibi yangu alishonea shanga kwenye ngozi tu, kwa kuwa ngozi haifuliwi.

Chukua patani yako ya shingo, yaani kiolezo unachokatia, ukate ukanda wa upana wa sentimita tatu na nusu wenye umbo lile lile la shingo, kwa pamba nyeusi iliyokwisha kuloweshwa na kunyooshwa ili isije ikapungua baadaye. Upige gamstifu nyuma, yaani kitambaa cha kukazia kinachobandikwa kwa pasi. Shona shanga humo ukanda ukiwa bapa mezani, kisha ukunje kingo nyuma na uweke bitana nyepesi ya kuficha mafundo. Kwa kuwa umekatwa ukiwa umepinda tayari, hautasimama wala kujikunja.

Fundi Ngarenaro

Hapa nakiri kwamba mama amenishinda, na nabadilisha ushauri wangu. Faida nyingine ni kwamba kanda zinaweza kugawanywa kwa wasaidizi, na ukanda ukiharibika unatupa ukanda, hutupi gauni. Nina pingamizi moja tu: usitumie vifungo wala zipu kuushikilia, kwa sababu uzito wa shanga utavuta mahali pa kifungo na kitenge kitafanya mikunjo. Ushikize kwa mkono, kwa mishono ya kujificha yenye urefu wa sentimita moja, ambayo mtu anaifumua kwa dakika chache na kuirudisha jioni ile ile. Mikononi usifanye ukanda. Shona mstari mmoja wa kurudi nyuma, basi.

Mshonaji wa Kiboriloni

Narudi baada ya siku tisa. Nilinunua shanga za kioo nyeupe, nyekundu na bluu, nikaziloweka kama dobi alivyosema, na zile nyekundu zikaacha doa la waridi kwenye kitambaa cheupe. Nilizirudisha dukani na kuchukua nyingine ambazo rangi yake imo ndani ya kioo chenyewe.

Ukanda wa kwanza wa mistari mitatu umenichukua saa saba, wa pili saa tano. Niliulowesha wa kwanza, nikausugua kwa nguvu kuliko mteja yeyote atakavyofanya, nikauanika, na kurudia mara tatu. Imetoka shanga moja, nayo ilikuwa ya mwisho kabisa, ambapo fundo langu lilikuwa la haraka. Sasa kila mwisho wa mstari ninafunga mafundo mawili na kurudisha uzi ndani ya shanga tano kabla ya kukata.

Mteja alifika jana kujaribu gauni la kwanza. Aliinama, akanyanyua mikono, akapapasa shingo kwa ndani akitafuta mafundo, na akaniomba nimtengenezee ukanda wa saba kwa ajili ya gauni lake la zamani.