Waliolala nje ya Wall Street mwaka 2011 waliambulia nini?

Mwekahazina wa Kihonda aliuliza:

Wakuu, salaam. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Kihonda, Morogoro. Tuko 28, wengi mama lishe na mafundi.

Jumamosi tulijadili kuhamisha akaunti ya kikundi. Benki tuliyopo inakata kila mwezi, ukitoa inakata, ukiomba taarifa ya akaunti inakata. Nikapendekeza twende SACCOS. Akasimama mjumbe mmoja, mwalimu mstaafu, akasema: "Wamarekani walilala bustanini miezi miwili wakizipigia kelele benki, wakafukuzwa na polisi, benki ziko palepale. Ninyi wa Kihonda mtamtisha nani?" Watu wakaangua kicheko na hoja yangu ikafia hapo.

Naomba anayejua anieleze. Wale watu wa Wall Street, ule mtaa wa mabenki kule New York, waliambulia nini? Na benki kubwa inaumia kweli mtu mdogo akitoa hela zake? Kikao kijacho ni Jumamosi hii. Nawasilisha.

---

Chumvi Nyingi alijibu:

Waliambulia mafua. Bustani, Novemba, New York. Ngoja waje wajuzi.

---

DekiUsiku alijibu:

Mafua yalikuwepo, hilo sikatai.

Mweka hazina, mimi ni mtu wa Tanga, niko Jersey City tangu 2004. Mwaka huo wa 2011 nilikuwa nadeki ofisi usiku katika jengo moja karibu na Wall Street, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nane usiku. Treni yangu ilikuwa inanishusha World Trade Center, na Zuccotti, hiyo bustani yenyewe, ni hatua chache tu kutoka pale. Kwa hiyo nilipita hapo kila siku ya kazi, kwenda na kurudi, kwa muda wote waliokaa.

Kwanza usiseme bustani ukafikiria nyasi. Ni uwanja wa mawe, wenye miti michache na sanamu refu jekundu la chuma kwenye kona. Wengi hawajui kwa nini walikaa hapo. Maandamano yale, Occupy Wall Street, yalianza Septemba 17, baada ya jarida moja la Kanada, Adbusters, kutoa wito. Walitaka kukaa karibu na soko la hisa lenyewe, wakakuta polisi wameshaweka vizuizi. Zuccotti ni mali ya kampuni binafsi, ila kampuni iliruhusiwa kujenga kwa masharti kwamba uwanja ubaki wazi kwa umma saa 24. Bustani za jiji zinafungwa usiku, ile haifungwi. Polisi wakabaki wanakuna vichwa.

Hasira ilitoka wapi? Miaka mitatu nyuma, Septemba 2008, benki kubwa ya Lehman Brothers ilianguka. Benki zilikuwa zimekopesha watu nyumba wasizoweza kulipia, zikayafunga madeni yale mafungu mafungu kama mchicha sokoni, majani mabovu katikati, zikauza. Mchicha ulipooza, Bunge la Marekani likaidhinisha dola bilioni 700 kuokoa mfumo wa fedha. Waliokopa nyumba hawakuokolewa hivyo. Katika mtaa ninaokaa kulikuwa na nyumba tatu zimepigwa mbao madirishani, na moja ilikuwa ya Mmisri niliyekuwa nasali naye Ijumaa.

Sasa yangu mwenyewe. Mwaka 2009 nilikuwa na akaunti katika benki moja kubwa, sitaitaja. Siku hiyo nina dola 212. Asubuhi nimenunua kahawa dola 3, dawa dola 11, vyakula dola 19. Jioni bili ya umeme ya dola 205 ikajikata yenyewe. Piga hesabu: 33 zimetoka, zimebaki 179, umeme ndio uliozidi salio. Kosa moja, faini moja ya dola 35. Lakini benki haikupanga miamala kwa saa, ilipanga kwa ukubwa. Ikaanza na umeme, zikabaki dola 7. Halafu vyakula, faini. Dawa, faini. Kahawa, faini. Dola 105! Nilikwenda tawini nikiwa nimevaa koti la harusi ili wanisikilize. Yule binti wa dirishani akaniambia kwa adabu kabisa kwamba ndivyo kompyuta inavyopanga.

Kwa hiyo nilipokuta vijana wameshika mabango ya kwamba wao ni asilimia 99, yaani sote tusio ile asilimia moja ya matajiri, sikuhitaji mkalimani.

Nilichokiona pale kilinichekesha na kunishangaza. Walikatazwa vipaza sauti bila kibali. Basi anayetaka kusema anapiga ukelele "maiki cheki!", waliomzunguka wanarudia "maiki cheki!", halafu kila anachosema kinarudiwa na watu, wimbi kwa wimbi, mpaka wa mwisho kule barabarani asikie. Ukikubali unainua vidole juu unavichezesha, ukikataa unavielekeza chini. Kulikuwa na jiko, watu wa miji mingine wakilipia piza kwa simu ziletwe pale. Kulikuwa na maktaba ya vitabu maelfu. Na ngoma, ee Mungu wangu, ngoma! Mchana kutwa, hadi majirani wakaja juu.

Oktoba 1 walikamatwa watu kama 700 kwenye Daraja la Brooklyn. Polisi waliwabeba kwa mabasi ya jiji, na chama cha madereva kikaenda mahakamani kupinga wanachama wake kulazimishwa na polisi kuwabeba waliokamatwa. Kesi haikuwasaidia, lakini sisi wafanyakazi wa kawaida ndipo tulipoanza kuwaangalia vijana wale kwa jicho jingine. Oktoba 5 vyama vya wafanyakazi viliandamana nao kwa maelfu. Mimi nilikwenda na ufagio. Najua ni kichekesho, lakini nilikuwa naelekea kazini.

Novemba 15, kama saa saba usiku, waliondolewa. Nilikuwa ghorofani na ndoo yangu. Nikasikia helikopta, nikaona taa kali kama mchana. Nilipotoka, njia zimefungwa, waandishi wa habari wamezuiwa mbali. Mahema na vitabu vikatupwa kwenye malori ya taka. Meya alikuwa Michael Bloomberg, bilionea. Mahakama ikasema wanaweza kurudi, ila bila mahema. Baadaye, 2013, jiji lilikubali kulipa dola 47,000 kwa ajili ya vile vitabu. Hela ya vitabu ililipwa, bustani ndiyo hivyo tena.

Sasa swali lako. Mwalimu wako ana nusu ya ukweli. Mahema hayakuigusa benki hata moja. Lakini mwambie na hili: Septemba 29, 2011, Bank of America ilitangaza kuwa itawatoza wateja dola 5 kwa mwezi kwa kutumia kadi yao wenyewe kununulia vitu. Sheria mpya ilikuwa imepunguza kile ambacho benki zinawatoza wenye maduka, zikataka kufidia kwetu. Watu wakachachamaa. Malalamiko yakatiwa saini na mamia ya maelfu, na Novemba 5 ikatangazwa kuwa siku ya kuhamisha hela kutoka benki kubwa kwenda vyama vya akiba na mikopo, yaani SACCOS zao. Aliyeianzisha hiyo hata hakuwa mtu wa Zuccotti. Siku haijafika, Novemba 1, benki ikafuta ada. Siku 33! Na nyingine mbili kubwa zilizokuwa zinajaribu ada kama hiyo zilikuwa zimesharudi nyuma.

Miye nilihamisha dola 1,140. Kwa benki ile hizo ni vumbi. Lakini kilichoitia hofu si hela yangu, ni foleni.

---

Teller Mstaafu alijibu:

Nimefanya kazi benki miaka 22, nasoma haya nikitikisa kichwa. Mzee wa deki anaeleza vizuri, ila amesimulia upande mmoja. Kati ya zile bilioni 700 za 2008, zilizoingizwa kwenye benki, kama dola bilioni 245, zilirudi serikalini zaidi ya bilioni 270. Haikuwa sadaka. Na benki zikifa, mishahara ya wadeki ingepita wapi?

Mweka hazina, ada ina gharama nyuma yake: tawi, walinzi, mitambo. SACCOS ngapi zimeondoka na akiba za watu? Kabla ya kuhama uliza nani anaikagua na kama ina leseni.

---

DekiUsiku alijibu:

Mkuu Teller, kwenye hesabu ya zile bilioni uko sahihi na nakushukuru. Ila Mmisri wangu hakurudishiwa nyumba pamoja na faida. Ofisi ya bajeti ya Bunge lao ilitoa ripoti Oktoba hiyohiyo ya 2011: toka 1979 hadi 2007 kipato cha asilimia moja ya juu kilipanda kwa asilimia 275, cha moja ya tano ya chini kwa 18. Hiyo ndiyo iliyokuwa inabishaniwa, kwamba benki ikipona, anapona nani.

La leseni nakazia. Nisingehama bila kuuliza.

---

MamaDuka Thika alijibu:

Jameni, hata sisi Kenya tulijaribu kuzibana benki, kwa sheria. Mwaka wa 2016 riba iliwekewa kikomo, isizidi pointi nne juu ya kiwango cha Benki Kuu. Tulishangilia sana. Halafu nikaenda kuomba mkopo wa kuongeza stoki, nikaambiwa nirudi wiki ijayo, wiki ijayo, hadi nikachoka. Benki ziliona afadhali kuikopesha serikali kuliko mtu wa duka. Novemba 2019 kikomo kikatolewa. Chama chetu cha akina mama ndicho kilinipa. Kwa hivyo mimi sipingi kuhama, napinga kudhani benki itakaa tu ikikuangalia.

---

Chumvi Nyingi alijibu:

Mnasahau tozo za miamala ya simu, Julai 2021 hapa Bongo? Hiyo ilikuwa serikali, si benki, lakini hakuna aliyelala bustanini. Mimi nilirudi kumtumia bibi hela kwa kondakta wa basi, kwenye bahasha. Septemba wakapunguza asilimia 30. Samahani kwa utani wa mafua.

---

Mwekahazina wa Kihonda alijibu:

DekiUsiku, shikamoo. Nimechapisha maelezo yako, nitampa mwalimu asome mwenyewe kwa sauti. Teller, SACCOS yenyewe leseni ninayo nakala, ukaguzi nitauliza kesho.

Swali moja limebaki. Kuna mjumbe wetu ana deni la kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, wamemchukulia mpaka cherehani. Hao wa bustanini walifanya lolote kuhusu watu wa namna hiyo, au ilikuwa benki tu?

---

DekiUsiku alijibu:

Marahaba. Pole kwa huyo wa cherehani.

Walifanya, na kwangu hili ndilo jambo la akili kuliko yote, ingawa lilikuja mwaka mmoja baada ya mahema. Huku mdai akichoka kukufukuza anauza deni lako kwa mdai mwingine kwa senti chache kwa kila dola. Huyo wa pili anakuja kukudai dola nzima. Wale vijana, Novemba 2012, wakasema: kama madeni yanauzwa bei ya jioni kama samaki, tununue na sisi. Wakachangisha kama dola 700,000, wakawa wananunua hasa madeni ya hospitali, halafu hawadai. Wanamwandikia mtu barua: deni lako limefutwa, huna unachodaiwa. Walifuta karibu dola milioni 32.

Usiwape matumaini makubwa lakini, Marekani nzima inadaiwa mabilioni kwa mabilioni. Na kwenu wale wa kausha damu sidhani kama wanauza daftari lao. Ila 28 mkienda pamoja kumuuliza cherehani iko wapi, na mkataba uko wapi, na riba iliandikwa wapi, hayo ni mazungumzo mengine na ya mtu mmoja ni mengine.

---

Mwekahazina wa Kihonda alijibu:

Nimeelewa. Tutakwenda naye Jumatatu, watu kumi hivi. Mafundi ndio watakaotangulia.

Halafu kile kipaza sauti chetu cha kikao kimeungua tangu Pasaka. Ile ya kurudiarudia, inawezekana na watu 28 chini ya bati, mvua ikinyesha?

---

DekiUsiku alijibu:

Inawezekana. Maneno matano, sita, unanyamaza wanarudia. Ukitoa sentensi ndefu wa mbele wanasahau na wa nyuma wanapata kitu kingine kabisa. Tarakimu ndiyo shida, 15 na 50 zikishapita midomo mitatu huzitambui tena, ziandike ubaoni. Na mwalimu mpe zamu ya kwanza. Akishasikia watu 27 wanarudia maneno yake, hatakupinga tena jioni hiyo.