Jazz ya laivu niliyoikuta Boston na jazz anayoisema babu hapa Arusha, ni kitu kimoja?

kijana_wa_Njiro
Wakuu habari za jumapili, shikamooni wakubwa. Nimerudi Arusha huu mwezi wa pili, nilikuwa Boston miaka miwili nasoma masta. Jazz nilikuwa siijui kabisa, nikidhani ni ule muziki wa hotelini wa kusindikiza chakula. Siku moja mwezi wa kwanza, baridi imekaza, jamaa yangu wa darasani akanivuta klabu moja pale Massachusetts Avenue inaitwa Wally's, ipo tangu 1947, aliyeianzisha alikuwa mhamiaji kutoka Barbados na wapigaji wengi ni wanafunzi wa vyuo vya muziki vya jirani kama Berklee. Ukumbi mwembamba kama korido, nikajikuta nimebanana karibu na mpiga besi, ile besi kubwa ya kusimama, mpaka naona sugu za vidole vyake. Afu dada wa saksafoni akaanza kujibizana na mpiga drams, anapiga kipande kifupi, drams inamjibu kwa urefu ule ule, tena na tena, hakuna karatasi mbele yao, mara wote wakarudi kwenye melodi ya mwanzo kwa pamoja. Nilisisimka mwili mzima. Toka siku hiyo nikawa naenda karibu kila wiki mpaka namaliza chuo.

Sasa juzi nimeenda kwa babu Kaloleni nikamsikilizisha kwenye simu. Kasikiliza kama dakika mbili akasema "mbona hii haichezeki? Sisi jazz tulicheza mpaka asubuhi, Arusha Jazz walikuwa hapa hapa." Nikakosa jibu. Hivi ni muziki mmoja au ni jina tu? Na kwa hapa Arusha au Moshi nitapata wapi bendi inapiga laivu?

mzee_wa_chemko
Marahaba mjukuu, na babu yako yuko sahihi. Ndugu wa Kinyonga, Wilson na George, walitoka Tanga walikokuwa Jamhuri Jazz, wakaja Arusha 1970 wakaunda Arusha Jazz, mwaka uliofuata wakavuka kwenda Nairobi na huko ndiko ikazaliwa Simba Wanyika ambayo Afrika Mashariki nzima inaijua. Kwa hiyo mji wako una historia, sema haizungumzwi.

Enzi hizo bendi ikiwa na magita, saksafoni, tarumbeta na drams inajiita jazz, basi. Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, na kule Kinshasa OK Jazz ya akina Franco tangu 1956. Muziki wenyewe ulikuwa dansi, umekula sana rumba ya Cuba iliyokuja kwenye santuri, ndio maana unachezeka.

Sauti_ya_Sakina
Mzee hapo nakubali, ila tusimchanganye kijana. Jazz ni muziki wa watu weusi wa Marekani, ulikulia New Orleans, una historia yake na uchungu wake. Dansi ni dansi. Kufanana jina sio undugu.

mzee_wa_chemko
Undugu upo mwanangu, sikiliza kwa makini. Wimbo wa dansi unaanza taratibu, mashairi yanaimbwa yanaisha, inaingia chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezesha. Hapo gita la solo linaachiwa njia, saksafoni inadakia, wanajibizana hivyo hivyo kama huyo dada wa Boston na drams, na rithimu haitikisiki. Nikiwa kijana Moshi pale Majengo nilikuwa sichezi, nasimama pembeni ya spika namwangalia mpiga rithimu, mkono wa kulia unakwenda saa nzima hauchoki, jasho linadondokea gita. Na mpiga solo mzuri jumamosi hii hakupigii alichopiga jumamosi iliyopita. Hicho ndicho kilichomsisimua mjukuu.

mama_K_Moshi
Naongezea kidogo, Mulatu Astatke wa Ethiopia alipelekwa Uingereza akasome uhandisi, akaishia kwenye muziki, akaenda hiyo hiyo Berklee ya Boston, kisha akaja kuichanganya jazz na skeli za kwao. Kijana msikilize, utaona mtu anaweza kwenda mbali akarudi na kitu bila kutupa cha nyumbani.

Kuhusu wapi, jazz tupu ya kila wiki huku ni ngumu, mimi sijaipata. Ila bendi za dansi zinazopiga hotelini na baa zipo. Siri ni kuwahi. Mwanzoni watu hawajajaa, wanapasha vyombo bila mwimbaji, hapo ndipo mpiga saksafoni anacheza anavyotaka. Ukichelewa utakuta kopi za nyimbo za watu tu. Huku Moshi kuna bendi naifuata jumamosi, saksafoni anapiga mzee mmoja ana pumzi utadhani ana miaka ishirini, nikutumie inbox mahali?

kijana_wa_Njiro
Mzee wangu asante sana, nimeenda kumsikiliza babu upya, safari hii yeye ndiye kaniwekea kaseti yake ya Simba Wanyika, na nimesikia hayo majibizano kabisa, saksafoni na gita. Nimekaa kwake mpaka usiku.

Mama nitumie tafadhali. Jumamosi nashuka Moshi na babu, kashaulizia kaunda suti yake iko wapi. Wanaanza saa ngapi?

mama_K_Moshi
Saa tatu. Njooni saa mbili, mkae upande wa saksafoni.