Wa emajensi wenzangu, hivi hili la kutosikia kitu moyoni mnalifanyaje?

ZamuYaUsiku
Wakuu habari za jumapili. Niko Mwanza, hospitali siitaji, mwaka wa nne huu niko emajensi. Juzi usiku kaletwa kijana wa bodaboda kagongwa na fuso huku Nyakato, tumehangaika nae dakika arobaini, tunabonyeza kifua kwa kupokezana mpaka mikono inatetemeka, hakurudi. Nikatoka kumwambia baba yake, mzee wa Kikerewe kavaa koti la mvua, nikajiandaa kwa kilio, mzee wala, akaniuliza tu "dokta, sasa mwili tunaupitishia Kisorya au tupande nao meli?" Na mimi nikaanza kumpigia hesabu, meli inatoka saa ngapi, gari ya kukodi mpaka Kisorya, kivuko mpaka Rugezi kule Ukerewe, tumesimama pale kama tunasafirisha magunia ya dagaa. Nikarudi ndani, mtoto wa degedege ananisubiri.

Asubuhi nafika home, mwanangu kaanguka kwenye mawe nyuma ya nyumba (Bugarika si mnaijua) goti linavuja damu analia, nikamwangalia nikasema hiyo sio emajensi, nikaenda kulala. Wife kaninunia mpaka leo. Hiyo ndo inanitesa kuliko hata yule marehemu.

sato_mkavu
Pole mkuu, umekaa Rock City mpaka umekuwa jiwe 😂 ila kwanza kamwombe dogo msamaha

mlipakodi
Si mliisomea wenyewe? Sisi tukija hapo usiku tunafokewa kama tumekuja kuiba.

ZamuYaUsiku
@mlipakodi ni kweli, sikatai. Wiki iliyopita nimemfokea bibi wa watu, kosa lake kuuliza mara ya tatu.

nesi_mkongwe
Dokta mwanangu pole. Mimi nilikuwa Ukerewe kile kivuko MV Nyerere kilipozama Septemba 2018, watu zaidi ya 220 walikufa. Miezi mitatu nikawa mzima kabisa, nakula, nacheka, watu wakawa wananisifu roho ngumu. Siku hiyo nakwenda zangu kwa dada, tiketi nimeshakata, miguu ikagoma kupanda kivuko, nikarudi nyumbani na ndoo yangu ya samaki nalia njia nzima. Tangu hapo mtu akifariki zamu yangu hatutawanyiki mbio, tunasimama kimya kama dakika hivi, hata mfagiaji, jina lake linatajwa, ndo tunamfunika. Vijana mwanzoni walinicheka.

mtu_wa_afya_ya_akili
Hii ndo wanaita banauti. WHO mwaka 2019 waliiweka kwenye ICD-11, ile orodha yao ya magonjwa na matatizo ya afya, kama jambo la kazini, sio ugonjwa: unaishiwa nguvu, unakuwa mbali na kazi yako au unaidharau, unaona hufanyi la maana. Sasa ukienda likizo wiki moja ukarudi kwenye zamu zile zile hujafanya kitu, ongea na anayepanga zamu akupunguzie usiku. Na tafuta mtu wa kuongea nae, hospitali nyingine kama unaogopa umbea. Tafadhali usianze dawa za usingizi za rafiki yako wa famasi, nawajua nyie.

ZamuYaUsiku
😅 umenijuaje. Goti nimelisafisha, kadai na mdoli wake apewe plasta. Mama @nesi_mkongwe, jina la yule kijana nililiandika mwenyewe kwenye faili, toka nimesoma komenti yako nalitafuta kichwani halipo. Naingia saa mbili usiku, ntaliangalia kwenye rejista.