Sikukuu ya Mavuno: nina mkungu mmoja tu

Mama wa Tukuyu: Shalom wapendwa. Jumapili ni Mavuno. Mwaka jana nilitoa madebe sita ya mahindi. Safari hii mvua imeyaozesha shambani. Nimebaki na mkungu wa ndizi na sado moja la viazi. Naona aibu kupita mbele.

Dada wa Mafinga: Peleka, dada yangu. Kumbukumbu la Torati 26 linataja kikapu, ujazo halikusema.

Mzee wa kanisa, Rungwe: Mwanangu, kwenye mnada wa sadaka za mavuno kanisani kwetu yai moja lilinunuliwa, likarudishwa, likauzwa tena, mara nne! Bibi aliyelileta alilia kwa furaha. Njoo.

Mama wa Tukuyu: Asante, baba. Nimeshaukata mkungu, utomvu umenichafua kanga yote.